Darasa la Kiingereza la jioni, Mabatini, Mwanza: wiki tatu za neno "no"

Nimemaliza darasa hili wiki mbili zilizopita. Naandika sasa kabla sijasahau, kwa sababu nilipokuwa natafuta pa kusoma sikupata hata mtu mmoja aliyeandika yaliyomkuta. Matangazo yapo tele, yamebandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia Mabatini mpaka Buzuruga, na kila moja linaahidi kwamba baada ya miezi mitatu utaongea Kiingereza kama maji. Ndani ya chumba kuna nini, hakuna anayekwambia.

Mimi nakaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni ya vyumba 12, njia ya kuelekea Capri Point. Huu ni mwaka wangu wa sita. Wageni wetu wengi ni wafanyabiashara wa samaki, watu wa semina, na ndugu waliokuja kuuguza hospitali ya Bugando. Kuanzia Juni mpaka Septemba wanaongezeka wazungu wanaotoka Serengeti kwa lango la Ndabaka. Wanalala usiku mmoja, asubuhi wanavuka kwenda kisiwa cha Saanane kuona swala na pimbi, jioni wanapanda ndege. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, na maneno ninayo ya kutosha. Kilichonipeleka darasani ni jibu moja la simu.

Ilikuwa Julai mwaka jana, saa 2 usiku. Baba mmoja alipiga akiwa njiani, nadhani walikuwa wameshapita Lamadi, mtandao unakatika katika. Akauliza: "You don't have a room for tonight?" Ni kweli, hatukuwa na chumba hata kimoja. Mtu akiniuliza kwa Kiswahili "Hamna chumba leo?" namjibu "Eeh, hamna." Basi nikamjibu "Yes", simu ikakatika. Saa 3 na nusu gari likaingia getini. Baba, mama, na watoto wawili, mmoja amelala begani kwa baba yake. Nikamwambia hatuna nafasi, nilikwambia kwenye simu. Akasema hapana, uliniambia ipo. Tulibishana pale kaunta dakika nyingi, na sote wawili tulikuwa tunasema kweli. Nilipiga simu nyumba saba ndipo nikawapatia vyumba Nyegezi, karibu saa 5 usiku. Yule mama aliniangalia kama mtu niliyemdanganya makusudi. Jicho lile lilinikaa moyoni mwezi mzima.

Darasa liko Mabatini, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, unapanda kwa ngazi ya chuma ya nje. Ni Jumatatu hadi Alhamisi, saa 11 jioni mpaka saa 12 na nusu, kwa wiki nane. Ada nililipa shilingi 80,000 kwa awamu mbili. Mwalimu ni mzee aliyestaafu sekondari. Jina lake silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa. Tulikuwa wanafunzi 19, wakiwemo madereva wa bodaboda wawili, mama mmoja anayeuza sato Mwaloni Kirumba, kijana wa kupeleka watalii kwa boti, dada wa saluni, na kijana mwingine anayenunua mabondo ya sangara, yaani vile vifuko vya hewa vya tumboni, kwa niaba ya wakubwa wake na kutwa anaandikiana na wanunuzi wa nje.

Siku ya kwanza tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akageuka ubaoni akaandika herufi mbili tu: "no". Akauliza kila mmoja maana yake. Wote tukasema hapana. Akasema, "Vizuri. Hili neno tutakaa nalo wiki tatu." Mmoja wa wale wa bodaboda alitoka siku ileile na hakurudi. Hata mimi nilijiona naibiwa. Wiki tatu kati ya nane kwa neno ambalo mtoto wa chekechea analijua! Leo nasema zile wiki tatu ndizo zilizorudisha hela yangu yote, na zile tano zilizobaki zingefundishwa na mtu yeyote.

Alianzia nyumbani. Akalikata neno letu vipande: ha-pa-na. Mahali hapa hapana kitu. Ndugu zake ni "hakuna" na "hamna". Kumbe hapana yetu asili yake ni habari ya mahali na kilichopo pale, na ndiyo maana mzee wa kijijini anaweza kusema "Hapana maji kisimani" na sentensi ikakaa sawasawa. Nimezaliwa Magu, nimelitamka neno hili maisha yangu yote, na sikuwahi kulitazama hivyo.

Kisha akaenda kwenye la Kiingereza. Akasema hapo mnaona neno moja lakini ni mawili yaliyofanana sura. Kuna "no" inayosimama peke yake kumjibu mtu, na kuna "no" inayokaa mbele ya jina la kitu: "no water", "no fish", "no room". Ya kwanza katika Kiingereza cha kale ilikuwa "na", yaani "ne" ya kukanusha ikiungana na neno la "daima". Asili yake ni kama kusema "kamwe". Ya pili ilitoka kwenye "nan", hiyohiyo "ne" ikiungana na "moja", ndiyo ileile iliyobaki kwenye "none". Herufi ya mwisho ilidondoka ilipokutana na maneno yanayoanza kwa konsonanti. Kwa hiyo ukisema "no room", kwa mizizi yake umesema si chumba hata kimoja. Mimi nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, maana hilo ndilo nililotakiwa kumwambia yule baba: maneno mawili, "no room", na watoto wale wasingefika getini kwetu usiku ule.

Kuna na ya tatu. Kijana wa mabondo alinyoosha mkono akauliza kwa nini kila kitabu cha risiti kimeandikwa "No." kisha tarakimu. Hiyo haina undugu na kukanusha. Ni ufupisho wa "numero", neno la Kilatini, kwa maana ya kwa hesabu. Sisi risiti zetu za Kiswahili tunaandika "Na." na hakuna anayechanganyikiwa. Lilipita haraka, lakini nilimwona yule kijana amepumua.

Wiki ya pili ndiyo nilikuwa naingoja bila kujua. Mwalimu alificha kalamu mfukoni, akamwuliza mama wa sato: "You don't see my pen?" Mama akajibu upesi, "Yes." Mwalimu akasema, "Mama, umeniambia unaiona." Darasa zima likapiga kelele. Kwetu sisi mama alikuwa sahihi kabisa.

Alivyoeleza mimi nitaeleza hivihivi, kwa sababu ndiyo moyo wa darasa hili. Kiswahili kinamjibu mwulizaji. Ukiniuliza "Huna chenji?" nami sina, nasema ndiyo, maana yake ulivyosema ni sawa. Nikiwa nayo nasema hapana, maana yake umekosea, ninayo. Kiingereza hakimwangalii mwulizaji. Kinaangalia jambo lenyewe. Kama chenji haipo, jibu ni "no", hata swali lingeulizwa kichwa chini miguu juu. Kama ipo, jibu ni "yes". "Do you have change?" na "Don't you have change?" kwa mtu asiye na chenji yana jibu moja.

Akaongeza jambo lililonituliza. Alisema hata Waingereza wenyewe zamani hawakuridhika na maneno mawili. Mpaka miaka ya 1500 walikuwa nayo manne: "yea" na "nay" kwa swali la kawaida, "yes" na "no" kwa swali lililokwisha kukanushwa. "Yes" ilikuwa ya kumpinga mtu: umesema sina, nami nakwambia ninacho. Baadaye yale mawili ya kwanza yakafifia. Wafaransa hadi leo wana "si" kwa kazi hiyo, na Wajerumani wana "doch". Wajapani wao wanajibu kama sisi, wanakubaliana na maneno ya mwulizaji. Nilipotoka pale sikujiona tena mtu aliyeshindwa ndiyo na hapana. Nilijiona mtu wa lugha moja aliyekutana na mtu wa lugha nyingine barabarani usiku, mtandao mbovu.

Dawa aliyotupa ni fupi: usijibu kwa neno moja. Weka mkia. "No, we don't." "Yes, we do." Na ukisikiliza, sikiliza mkia kuliko kichwa. Tulifanya mazoezi ya mkia siku nne mfululizo, wawili wawili, mpaka midomo ikauma. Mwenzangu alikuwa kijana wa boti. "You are not going to the island today?" "No, we aren't, the wind is too strong." Tulirudia sentensi hii mara ngapi sijui, nami hata sina boti.

Siku ya mwisho ya wiki hiyo alileta "Do you mind". Hapo nilikumbuka tukio la miaka miwili nyuma nikakaa kimya. Mgeni mmoja, bibi wa makamo, aliniuliza "Do you mind if I leave my bags here?" Nami kwa ukarimu wote nikasema "Yes, yes!" huku natabasamu. Akasimama kidogo, akaokota mabegi yake mawili, akatoka nayo juani. Nilidhani amebadili mawazo. Kumbe swali linauliza, je, utachukia nikiacha mabegi? Nami nikamwambia ndiyo, ndiyo, nitachukia! Jibu la ukarimu pale ni "no". Nimelibandika kwenye karatasi chini ya kaunta: mtu akianza na "mind", karibu yake ni "no".

Wiki ya tatu ilikuwa ya "not". Asili yake ni neno la kale "nawiht", maana yake si kitu, likakonda na miaka. Zamani Mwingereza alikanusha kwa "ne" mbele ya kitenzi, kisha akaongeza hilo "si kitu" nyuma ili kutia nguvu, kisha ile ya mbele ikaanguka, ikabaki ya nyuma. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, aliandika juu ya safari hiyo mwaka 1917. Mwalimu akatuuliza sisi tunakanusha wapi. Tazama: tunauza, hatuuzi. Tumebadilisha mbele tukaweka "ha", na mwisho "a" imekuwa "i". Tunakanusha kwenye ncha zote mbili za neno moja na hatuoni tabu.

Hapo nina neno langu la kusema. Vitabu vya sarufi vinafundisha kwamba "I don't have no money" ni kosa kwa sababu kukanusha mara mbili kunafutana. Askofu mmoja Mwingereza, Robert Lowth, aliliandika hilo katika kitabu chake cha sarufi miaka ya 1760 na likashika. Lakini lugha si hesabu. Kama kukanusha kwenye ncha mbili kungekuwa kunafutana, basi "hatuuzi" yetu ingekuwa na maana ya tunauza, na Mwaloni pale pasingeuzika hata dagaa. Mwalimu alikubali hoja hii. Alisema Waingereza wa kale walikanusha mara mbili na mara tatu bila haya, na wapo wengi leo, Uingereza na Marekani, wanaoongea hivyo nyumbani kwao. Kwenye mtihani na kwenye barua ya kazi usiandike, lakini mgeni akikwambia hivyo kaunta usimsahihishe. Elewa hana hela.

Faida kubwa ya wiki ile, kwangu, ilikuwa tofauti ya "must not" na "don't have to". Mwaka 2022 niliandika mwenyewe tangazo la ukutani kwetu: "You must not leave your key at reception." Nilitaka kusema si lazima uache ufunguo, ukipenda ondoka nao. Nilichoandika ni marufuku kuuacha. Tangu siku hiyo funguo zilikuwa zinatembea mji mzima, na mmoja ulipanda meli hadi Bukoba ukarudishwa na kondakta wa basi baada ya siku tisa. Sikuwahi kujua sababu. Usiku ule wa somo nilirudi kazini nikalibandua. Sasa pameandikwa "You don't have to". Kiswahili kinazitenga hizi mbili mbali kabisa, "usiache" na "si lazima uache". Kiingereza kinazikaribisha, "not" inasogea kidogo tu na sheria inageuka.

Mama wa sato naye alipata lake. Alikuwa anamwandikia mpishi wa hoteli anayemnunulia: "All the fish are not fresh." Alitaka kusema wamo wabichi na wamo waliolala kwenye barafu, achague. Mpishi akasoma samaki wote wamechina, akaagiza kwingine. Ilitakiwa "Not all the fish are fresh." Neno lilelile, likihamia mwanzo wa sentensi, linaokoa nusu ya beseni. Alipigwa na butwaa. Alisema, "Mwalimu, hii ningeijua mwaka jana ningekuwa nimemaliza nyumba." Mwalimu alimjibu, "Mama, tuanzie hapa tulipo."

Kitu ambacho Kiingereza hakina, nasi tunacho, ni "ja". Chumba hakikusafishwa ni habari moja, chumba hakijasafishwa ni nyingine kabisa. Mgeni aliyefika saa 4 asubuhi nilikuwa namwambia "Your room is not cleaned" naye anakunja uso, anaona nyumba chafu na wahudumu wavivu. Nilikuwa na "hakijasafishwa" kichwani lakini mdomoni ilitoka "hakikusafishwa". Wenzetu inawabidi waongeze "yet". Ukiisahau, ahadi yote imeanguka. Sisi mtu akiuliza chakula tayari, unamwambia "bado", anakaa chini anangoja bila kinyongo. Ukiulizwa umeolewa, unasema "bado", na hujakana wala hujaahidi. Hili Mwalimu hakulifundisha kwa urefu, nililigundua mimi nikamwambia, akaliandika kwenye daftari lake. Nilijisikia vizuri sana siku hiyo.

Tulizungumza pia adabu, na hapa kijana wa boti ndiye aliyetufunza. Sisi kumkatalia mtu usoni ni vigumu, na mkubwa wako ndiyo kabisa. Tunasema tutaona, labda kesho, ngoja nijaribu. Kijana alimwambia mtalii "I will try" siku ya upepo wa kusi, maana yake haiwezekani. Mtalii akaelewa boti itakuja. Alisimama ufukweni kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 4, analitazama jiwe la Bismarck na mawimbi. Kijana hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Mwalimu alitupa maneno ya kukataa bila kuumiza, "unfortunately we don't" na "I'm afraid we can't". Dada wa saluni akauliza tunaogopa nini. Hatuogopi kitu, ndiyo namna yao ya kusema samahani. Na nimeona kwa macho yangu kazini: mgeni ukimwambia mapema kwamba haiwezekani, anashukuru. Ukimficha kwa upole wetu, anakasirika jioni.

Sasa mapungufu, maana nisipoyasema nitakuwa sijawatendea haki.

Kubwa kuliko yote ni masikio. Kiingereza chote tulichosikia wiki nane kilitoka mdomoni kwa Mwalimu mmoja, ambaye anatamka kila herufi kama sisi. Hapakuwa na sauti za kurekodiwa hata siku moja. Niliporudi kaunta, Mmarekani akaniambia hawezi kulipa kwa kadi, "I can't", ile "t" ya mwisho akaimeza, nami nikasikia "I can" nikaandaa mashine. Kwenye sentensi kama hiyo ukanusho wote umekaa kwenye "t" moja, na sikio langu halikuwahi kuzoezwa kuikamata. Vilevile "no" na "know" zinatamkwa sawasawa, ile "k" haisikiki, na Mwalimu alilitaja mara moja tu akapita. Mtu wa mapokezi, mtu wa simu, angehitaji wiki nzima ya hilo. Simu ya mkononi na spika ndogo ya sokoni Makoroboi vingetosha. Nilimshauri, akasema atafikiria. Natumaini haikuwa ile "tutaona" yetu.

Umeme ulikatika mara tano, na jenereta hakuna. Siku mbili tulisoma kwa tochi za simu, siku tatu tukarudishwa nyumbani, na siku hizo hazikufidiwa. Chini fundi anajaribu injini za pikipiki kuanzia saa 11 na nusu, hamsikilizani. Kuna nakala za kurudufu ambazo tulidaiwa shilingi 6,000 wiki ya nne bila kuambiwa mwanzoni. Si hela nyingi, lakini kwa dada wa saluni ilikuwa nauli ya daladala ya siku kadhaa, na alikosa vipindi viwili kwa sababu hiyo. Mambo ya ada yasemwe yote siku ya kwanza.

Wiki mbili za mwisho zilikimbizwa. Nyakati zote za vitenzi tulizipitia kama basi la usiku linavyopita Misungwi. Cheti hakipo. Ukitaka karatasi ya kuombea kazi, tafuta kwingine.

Nani aende? Mtu ambaye maneno anayo lakini wageni hawamwelewi, au anawaelewa kinyume. Mtu wa kaunta, wa boti, wa samaki, wa teksi. Asiyejua kabisa atachoka wiki ya kwanza, na aliyesoma hadi chuo ataona tunatambaa. Nenda na daftari la kurasa nyingi na uketi safu ya mbele upande wa dirishani, kuna upepo wa ziwa na fundi wa chini humsikii sana. Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya masikio.

Jumamosi iliyopita simu iliita saa 1 usiku. Mama mmoja, sauti ya mbali, anauliza: "So you don't have any rooms left?" Moyo ulinidunda. Tulikuwa na kimoja, namba 9, cha nyuma, dirisha linatazama jikoni. Zamani ningesema "No", kwa maana ya hapana, umekosea, kipo. Nikavuta pumzi nikasema, "Yes, we do. One room." Akanyamaza kidogo, akauliza tena ili ahakikishe, nami nikarudia na mkia wake. Alifika saa 3 na binti yake, nikawapokea mabegi, nikawaambia chai ipo.

Darasa jipya linaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Viti ni 20. Uliza nakala ni shilingi ngapi kabla hujalipa.